Meza ya Fundi: Mvumo wa Umeme Kwenye Masafa Mafupi

Barua nyingi zilizonifikia safari hii zinauliza jambo moja kwa midomo tofauti. Redio ya masafa mafupi inavuma, inakwaruza au inakoroma, na mwenyewe anataka kujua anunue nini. Nimekaa na redio mezani tangu enzi za vali zilizokuwa ziking'aa gizani, na jibu langu la kwanza kwa wote ni moja: usinunue kitu kabla hujaisikiliza kelele yenyewe kama unavyosikiliza stesheni. Nayo ina sauti yake, ina saa za kuingia hewani na saa za kufunga. Baadhi ya barua nimezifupisha.

SWALI: Shikamoo fundi. Tulikokuwa tukikaa zamani, redio yangu ndogo ilikuwa inakamata mkanda wa mita 49 (megahezi 6 hivi) na wa mita 31 (megahezi 9 na nusu hivi) vizuri mno usiku. Tumehamia nyumba nyingine, redio ni ile ile, lakini sasa kote ni "zzzzz" kama nyuki waliofungiwa chupani. Rafiki yangu ananishauri ninunue filta ya kuchomeka kwenye soketi. Itanisaidia?
– Msikilizaji wa Alfajiri

JIBU: Marahaba mwanangu. Filta iweke kando kwanza.

Tia betri mpya kwenye redio, kisha uchomoe waya wa adapta kutoka kwenye redio yenyewe. Kuzima soketi hakutoshi, kwa sababu waya ukibaki umening'inia unaendelea kufanya kazi ya antena na kukuletea uchafu wa ukutani. Tafuta mahali patupu karibu na stesheni unayoipenda, pasipo na mtu anayetangaza, uusikilize mvumo peke yake mpaka masikio yauzoee. Waambie wenzako nyumbani wahifadhi kazi zao za kompyuta. Halafu nenda kazime swichi kuu, redio ikiwa imeshikwa hapo karibu, maana unachokiwinda ni ile nusu sekunde ya swichi kushuka.

Mvumo ukikatika ghafla, mchawi yumo ndani. Ukibaki vile vile, anatoka kwa jirani au kwenye nguzo. Ukipungua bila kuisha, na hivi ndivyo inavyotokea mara nyingi, ujue wapo zaidi ya mmoja, na mkubwa alikuwa anamfunika mdogo. Hapo rudisha umeme huku umezima sakiti zote ndogo ndogo, kisha uwashe moja moja. Sakiti ikishajulikana, kilichobaki ni kuchomoa plagi za chumba kimoja tu.

Kuna mitego miwili. Wa kwanza ni vifaa vyenye betri zao. Ile mashine inayoshikilia kompyuta umeme ukikatika haizimiki kwa swichi kuu. Ndiyo kwanza inaanza kazi, na inveta iliyomo ndani yake, ile inayogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, huunguruma kuliko umeme wenyewe. Izime kwa kitufe chake. Kompyuta ya mapajani nayo uifunge.

Mtego wa pili ni saa, na huu ulininasa mimi mwenyewe. Nyumbani kwangu ulizuka mvumo uliokuwa ukiingia giza likiingia, ukafuta mita 49 yote hadi asubuhi. Nikazima swichi kuu saa nane mchana: kimya, kabla na baada. Nikajiridhisha kwamba nyumba yangu ni safi na kwamba jirani, ambaye siku zile alikuwa amefunga televisheni mpya, ndiye mkosaji. Nilimnunia miezi miwili bila yeye kujua kosa lake. Jioni moja nikawa nimesimama getini na redio mkononi, taa yangu ya nje, ile inayojiwasha yenyewe jua likizama, ikawaka juu ya kichwa changu, na redio ikapiga "krrr" papo hapo. Balbu ya LED, ya kwangu, niliyoipandia ngazi mwenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako. Niliibadilisha kwa ya aina nyingine na mita 49 ikarudi. Kwa hiyo fanya jaribio saa ile ile kelele inapokuwepo, si saa inayokufaa wewe.

Sasa ile filta. Kifaa kinachochafua hewa hupitisha kelele yake kwenye nyaya za ukutani, na nyaya hizo, zinazozunguka nyumba nzima kwa makumi ya mita, huirusha hewani kama antena ya kurushia matangazo. Redio yako ikiwa kwenye betri, haigusani na soketi hata kidogo. Filta kwenye soketi ya redio itachuja nini? Filta hufaa ikikaa mlangoni kwa mkosaji, kabla kelele haijaingia kwenye nyaya. Ndiyo maana lazima kwanza umjue mkosaji.

SWALI: Fundi, salaam. Nimezima swichi kuu kama ulivyowahi kushauri, na kelele iko pale pale. Nitajuaje kama ni nguzo ya umeme au ni vifaa vya majirani? Na nikijua, nifanye nini?
– Masikio Mawili

JIBU: Salaam ndugu yangu. Swali hili nalipenda, kwa hiyo nivumilie kidogo.

Anza na sauti. Cheche kwenye nguzo hutokea pale ambapo vyuma viwili vimelegea na kuachana kidogo, au kikombe kinachoshikilia waya kimepata ufa. Umeme wa hezi 50 hupanda hadi kilele mara mbili katika kila mzunguko, kilele cha juu na kilele cha chini, na cheche huruka karibu na vilele hivyo. Hivyo unapata mafungu 100 ya cheche kila sekunde. Kwenye nchi za hezi 60 yanakuwa 120. Sikioni huo ni mvumo mzito wenye makwaruzo, kama kitambaa kigumu kinachochanwa bila kuisha. Alama yake kubwa ni kwamba hauna kwake: zungusha kitufe kutoka megahezi 4 hadi megahezi 12, uko kote, unapungua taratibu tu kadiri unavyopanda.

Vifaa vya kisasa vina tabia nyingine. Ndani ya chaja, televisheni, balbu ya LED na rauta mna swichi ndogo inayokata umeme makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde. Kelele yake hukaa kwa vituo, kama mabasi. Ukizungusha kitufe taratibu utaikuta, itapungua, utaikuta tena baada ya kilohezi 60 hivi, au 100, kwa umbali unaolingana, na mara nyingi inatangatanga: uliyemwacha kilohezi 6070 unamkuta 6074 baada ya dakika tano. Ukikuta vilima vya namna hiyo, nguzo haina hatia.

Vifaa vinavyopitisha intaneti kwenye nyaya za umeme wa ndani viko peke yao kabisa. Hivyo hutumia masafa mafupi yenyewe, kati ya megahezi 2 na 30, kwa makusudi. Sauti yake ni mpasuko wa haraka haraka, kama mtu anayechapa taipureta kwa hasira, na huongezeka mtu akipakua kitu kikubwa. Kwa hao dawa ni moja, kuvibadilisha na kebo ya kawaida ya mtandao.

Shahidi wa pili ni hali ya hewa. Cheche za nguzo hupenda ukavu. Mbao zikikauka hunywea, boliti hulegea, pengo linazaliwa. Mvua ikinyesha, unyevu huziba pengo, na redio inanyamaza kana kwamba mtu ameizima kelele kwa mkono. Ukiona mita 49 yako ni safi dakika kumi baada ya mvua kubwa na jua likiwaka siku mbili inachafuka tena, karibu umeshamkamata. Kuna kelele nyingine ya laini za volti kubwa sana, ile inayotokana na hewa kuzunguka waya kuchajika, ambayo hufanya kinyume na kuzidi wakati wa unyevu, lakini hiyo utaikuta zaidi chini ya minara mikubwa.

Kumtafuta: chukua redio ya mkononi, utembee kufuata laini. Hapa wengi hukosea kwa kutumia masafa ya kati. Kwenye masafa ya chini kelele husafiri na waya kilomita kadhaa, inapanda na kushuka njiani, na utasimama chini ya nguzo isiyo na kosa ukadhani umefika. Kila unapokaribia, panda masafa. Kama kwenye megahezi 5 kuna kelele kila mahali, nenda 15, halafu 25. Kama redio yako ina mkanda wa ndege, megahezi 118 hadi 137, umebahatika, kwa sababu nao hutumia AM, mtindo ule ule wa stesheni za masafa mafupi, na cheche husikika vizuri. Nguzo ambayo bado inasikika huko juu, na nguzo za kabla na baada yake hazisikiki, ndiyo yenyewe.

Ukishaipata, mikono mfukoni. Nimewahi kusikia watu wakijisifu kwamba walipiga nguzo kwa nyundo kubwa ili wasikie kama kelele inabadilika. Boliti iliyolegea huko juu inashikilia waya wenye maelfu ya volti. Usiiguse, usiipige, usiegemee hata nyaya zinazoishikilia nguzo. Andika namba ya nguzo, tarehe, saa na hali ya hewa, kwa siku kadhaa, uwapelekee wenye laini. "Redio yangu inakwaruza" ni malalamiko yasiyo na pa kushikia. "Nguzo namba fulani inatoa cheche kila siku kavu kuanzia saa nne asubuhi, na mvua ikinyesha inaacha" ni taarifa ambayo fundi wa laini anaielewa, tena inamhusu, kwa sababu boliti iliyolegea leo kesho inaweza kuangusha waya.

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi tatizo langu ni dogo ila linaniudhi. Kwenye megahezi 10 kamili nasikia "tik, tik, tik" kila sekunde, usiku hasa. Nahisi ni uzio wa umeme wa mtu. Nimezungusha kila kifaa, haiondoki.
– Kijana wa Tik-tik

JIBU: Marahaba. Sogea hadi 9.9, halafu 10.1. Kama tik-tik imebaki nyuma, hiyo si kelele, mwanangu, ni stesheni! Megahezi 10 ni makazi ya vituo vya saa. WWV ya Fort Collins, Colorado, Marekani, hurusha mapigo ya sekunde kwenye 2.5, 5, 10, 15 na 20, na BPM ya China nayo iko kwenye 2.5, 5, 10 na 15. Hesabu vizuri: WWV huruka pigo la sekunde ya 29 na la sekunde ya 59. Uzio wa umeme hauruki kitu, na husikika kote kwenye mkanda. Umekuwa ukisikiliza saa ya nchi ya mbali huku ukimtuhumu mwenye uzio, nami sina haki ya kukucheka.

SWALI: Fundi, redio yangu ya mezani inatumia adapta ya zamani, ile nzito yenye transfoma. Kwenye betri ni safi kabisa. Nikichomeka adapta, stesheni yenye nguvu inavuma "mmmm", lakini nikitoka kwenye stesheni hiyo mvumo unapotea. Kama ni kelele ya umeme, mbona haipo palipo kimya?
– Mama wa Mita 31

JIBU: Dada yangu, umeeleza vizuri kuliko mafundi wengi. Huo ni mvumo wa kipekee: haupo hewani, unazaliwa juu ya stesheni yenyewe.

Waya wa adapta umekuwa sehemu ya antena yako. Mawimbi ya stesheni yanapita humo hadi kwenye nyaya za ukutani, na njiani yanakutana na dayodi za adapta. Dayodi hizo hufunguka na kufunga mara 100 kwa sekunde zikigeuza umeme wa ukutani kuwa umeme wa betri. Kila zinapofunguka antena yako inakuwa ndefu, zikifunga inakuwa fupi. Stesheni inakatwakatwa mara 100 kwa sekunde, na wewe unasikia "mmmm". Pasipo na stesheni hakuna cha kukatwa, hivyo ni kimya.

Dawa yake ni ya siku nyingi: kapasita ndogo ya nanofaradi 10 kuambatishwa kwenye kila dayodi, ili mawimbi ya redio yawe na njia ya kupita muda wote, dayodi ikiwa wazi au imefunga. Kapasita ivumilie volti mara kadhaa ya zile za adapta. Kazi hiyo mpe mtu aliyezoea kufungua vitu vyenye umeme wa ukutani, na akikuongezea kapasita upande wa volti kubwa hakikisha ni za aina iliyotengenezwa mahususi kwa upande huo, maana ya kawaida ikipasuka hapo huleta moto. Kama hutaki kufungua kitu, uzungushe waya mwembamba unaotoka kwenye adapta mara nane kwenye pete ya feriti (pete nyeusi kama ya kauri inayozuia kelele za redio), karibu kabisa na redio. Mara nyingi hilo linatosha.

Usishawishike kuitupa hiyo adapta nzito ukanunua nyepesi ya kisasa. Utauza mvumo mmoja unaotibika ununue kelele ya mkanda mzima.

SWALI: Nilinunua vile vipande vya feriti vya kubana kwenye waya, nikabana sita: chaja, rauta, televisheni. Sijaona tofauti yoyote. Ni utapeli?
– Aliyechoka

JIBU: Si utapeli, ni hesabu. Waya ukipita mara moja ndani ya feriti, kizuizi unachopata kwenye masafa mafupi ni kidogo. Vipande hivyo vingi vimetengenezwa kwa ajili ya masafa ya juu zaidi. Lakini kizuizi hukua kwa mraba wa idadi ya mizunguko. Mizunguko mitano haikupi mara tano, inakupa karibu mara ishirini na tano. Badala ya vipande sita vilivyopitwa mara moja moja, tafuta pete moja kubwa ambayo plagi inaweza kupenya, uzungushe waya mzima wa mkosaji mara sita au saba. Waya mzima, nyuzi zote pamoja. Ukitenganisha uzi mmoja peke yake, mkondo wa umeme utaishibisha feriti na itakuwa jiwe tu. Pete ikae upande wa mkosaji, si upande wa soketi, ili usimwachie waya mrefu wa kupigia kelele.

Kwa masafa mafupi feriti inayotajwa sana na wapenzi wa redio ni ile inayoitwa mchanganyiko namba 31. Na tahadhari kwa wanaookota: zile pete za njano zenye upande mmoja mweupe, zinazotoka kwenye sapulai za kompyuta zilizokufa, ni unga wa chuma, si feriti ya kazi hii. Nilijaza kopo zima kabla ya kulijua hilo.

SWALI: Ninakaa ghorofani, ghorofa ya tatu kati ya tano. Nimezima vyangu vyote, nimehakikisha. Kelele ni ya jengo zima. Nikate tamaa?
– Wa Tatu

JIBU: Usikate. Ila acha kupigana na vyanzo. Pigana na umbali.

Karibu na nyaya za jengo kuna wingu la kelele lisilosafiri mbali. Hesabu ya kukadiria ni urefu wa wimbi ugawe kwa sita na ushee. Kwenye megahezi 6 wimbi lina mita 50, kwa hiyo wingu ni zito ndani ya mita 8 hivi kutoka kwenye waya. Kwenye megahezi 12 ni mita 4. Antena ya kuvuta ya redio yako, ukiwa umekaa sebuleni, imezama humo humo ndani, na kuirefusha kwa waya unaouzungusha dari nzima ni kuongeza mdomo wa kunywea maji machafu. Ichukue redio hadi dirishani, kisha barazani, usikilize tofauti. Hatua tatu zinaweza kukupa stesheni.

Wenye uwanja wana raha. Mimi waya wangu una mita 12 tu, umelazwa sambamba na ardhi kwenye kona ya mbali kabisa na nyumba, na unaletwa ndani kwa kebo ya koaksia (kama ile ya antena ya televisheni) ya mita 20. Kelele nyingi za karibu hulipenda umbo la wima kuliko la mlalo, ndiyo sababu nimeulaza. Pale waya unapokutana na kebo nimeweka transfoma ndogo ya pete ya feriti: mizunguko 15 upande wa waya, mitano upande wa kebo, na koili hizo mbili hazigusani kabisa. Ncha ya pili ya koili ya mizunguko 15 inakwenda kwenye fimbo iliyochimbiwa ardhini pale pale. Gamba la kebo, ule wavu wa chuma wa nje, haliungwi na fimbo hiyo. Hiyo ndiyo siri yenyewe. Ukitumia transfoma ambayo koili zimeungana, uchafu wa nyumba hutembea juu ya gamba la kebo hadi kwenye antena, na umbali wote uliouhangaikia unapotea. Nilipobadilisha tu transfoma, bila kugusa kitu kingine, sindano ya redio inayoonyesha nguvu ya mawimbi, pasipo na stesheni, ilishuka kutoka 7 hadi 3. Kila alama kwenye sindano ni desibeli 6 (kipimo cha kulinganisha nguvu), kwa hiyo ni desibeli 24 za kelele zilizokuwa zikija kwa miguu juu ya kebo.

Wewe wa ghorofa ya tatu jaribu antena ya duara. Kitanzi kimoja cha bomba la shaba au waya mnene, kipenyo cha mita moja hivi, chenye kapasita ya kuzungusha kwa ajili ya kukilenga kwenye masafa unayotaka, na ndani yake kitanzi kidogo, kama moja ya tano ya kile kikubwa, kinachokwenda kwenye redio. Kisimamishe karibu na dirisha, ukizungushe taratibu kama unavyofungua mlango wa chumba alimolala mtoto. Upande wa kupokea ni mpana, hata ukikosea nyuzi ishirini hupotezi kitu. Upande wa kuziba ni mwembamba kama wembe: nyuzi mbili tatu, na kelele inazama ghafla. Kwa hiyo usikielekeze kwenye stesheni, kielekeze kwenye kelele mpaka izibike. Kama kelele inatoka ukuta mmoja utashangaa. Kama inatoka kuta zote nne, utapata nafuu ya wastani tu, nisikudanganye.

Kwa wote wanaotandaza waya nje: waya usipite juu wala chini ya nyaya za umeme, na hata ukikatika na kupeperuka usiweze kuzifikia. Na mawingu yakianza kunguruma, kebo itoke kwenye redio kabla hujaanza kuhesabu sekunde.

SWALI: Sina umeme wa gridi hata kidogo, ni sola tu. Mbona mchana redio inaunguruma na jioni inanyamaza?
– Jua Kali

JIBU: Umejijibu. Kidhibiti cha chaji kinakatakata umeme wa paneli muda wote jua likiwepo, na zile nyaya ndefu za kutoka darini ni antena nzuri. Zisokote hizo mbili pamoja, chanya na hasi, kama kamba, na uzungushe pete ya feriti pande zote mbili za kidhibiti. Redio iwe na betri yake pekee.

SWALI: Stesheni ninayoisikiliza inatangaza kwa wakati mmoja kwenye mita 49 na mita 19. Mita 49 ina nguvu zaidi lakini ina kelele. Nichague ipi?
– Mchaguzi

JIBU: Mita 19 (megahezi 15 hivi), masafa yakiwa yamefunguka saa hiyo, yaani mawimbi yake yanakufikia. Kelele za binadamu hupungua kadiri unavyopanda: kutoka megahezi 5 hadi 15 zinashuka kwa wastani wa desibeli 13, zaidi ya alama mbili za sindano. Stesheni dhaifu penye kimya inaeleweka kuliko kubwa sokoni. Kama redio yako inaruhusu kusikiliza upande mmoja tu wa wimbi, wa juu au wa chini ya namba ya stesheni, jaribu vyote viwili; kile kilima cha chaja mara nyingi kimekalia upande mmoja tu, na upande wa pili mtangazaji anaongea peke yake.

SWALI: Fundi, nimempata mchawi wangu. Ni adapta ya jirani, ukuta kwa ukuta. Nimefuatilia siku nne na nina hakika. Sasa nitamwambiaje mtu kwamba chaja yake inaniharibia redio, kitu ambacho yeye hata hakisikilizi?
– Ukuta kwa Ukuta

JIBU: Usimwambie, msikilizishe. Bisha hodi na redio ndogo ya betri, mwombe aichomoe adapta huku ameishika redio yeye mwenyewe. Watu hupenda kusikia jambo kama hilo. Jirani yangu yule wa televisheni, siku nilipokwenda hatimaye kumsimulia habari ya balbu yangu, alizunguka na redio nyumba nzima akizima na kuwasha kila kitu, na tukagundua kwamba televisheni yake niliyoishuku ilikuwa safi ila chaja ya mashine yake ya kunyolea ilikuwa inanguruma hadi mita 25. Nenda na pete yako ya feriti mfukoni, uifunge hapo hapo, mizunguko saba. Adapta ikishafungwa na kelele ikabaki, niandikie tena, na unieleze inavuma au inakwaruza, na inahama au imetulia.